Dakika Ishirini na Mbili za Shemeji

Sinema niliyoipenda kuliko zote ina dakika ishirini na mbili ambazo nilikuwa sizijui. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, kisha nikazihesabu kwa simu, maana saa ile ya ukutani niliinunua sokoni na ninamjua aliyeniuzia. Zote mbili zikasema ishirini na mbili. Nikakaa chini, na sina hakika kama nimeshainuka.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa darasa la sita, hapa Tukuyu mjini kulikuwa na banda la video la mtu tuliyemwita Mzee wa Video, ingawa wakati ule hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa na nywele zake zote. Banda lilikuwa na mabenchi tisa, runinga moja yenye kisogo kikubwa, deki moja na mikanda kumi na minne. Mkanda wa kumi na nne ndio ninaousema: sinema ya Kihindi, ya kijana mwembamba mwenye kola ndefu anayeimba kwenye mvua. Jina la kweli la kijana huyo lilikuwa gumu, na kwenye ganda la mkanda lilikuwa limeshafutika. Akina mama wa sokoni wakamwita Shemeji, na mji ukafuata. Mpaka leo, kwa watu wa rika langu, ukitaja Shemeji bila kuongeza neno, hakuna atakayekuuliza shemeji yupi.

Kihindi hatukukijua. Hata tungekijua kisingetusaidia, kwa sababu mvua ya Tukuyu ikishaanza kupiga bati husikii hata kikohozi chako. Kwa hiyo Mzee wa Video alisimama kando ya runinga na kijiti cha mwanzi, akatueleza kwa sauti iliyoishinda mvua: "Hapa kijana anasema, wewe binti, mimi sina shamba wala ng'ombe. Binti anamjibu, nani kakuuliza ng'ombe?" Kiswahili kikimpungukia alimalizia kwa Kinyakyusa, na akina mama waliotoka vijiji vya Lufingo na Masoko wakacheka kabla yetu sisi wa mjini. Alisema Kihindi alijifunza Mbeya, kwenye duka la Mhindi alikofanya kazi miaka miwili. Tuliamini. Mwenye deki habishiwi.

Halafu kuna jambo la mwisho wa sinema. Mkanda ulikuwa wa saa tatu, na sinema ilikuwa ndefu kuliko mkanda. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: Shemeji anafika kwenye daraja la kamba, mvua inanyesha, ng'ambo amesimama mzee mwenye masharubu anamtazama, Shemeji ananyanyua mguu, chenga. Runinga nzima inajaa chenga nyeupe kama mchele unaopepetwa. Hapo Mzee wa Video anazima, anasafisha koo, anasimama mbele yetu na kutusimulia mwisho. Hakuna aliyenung'unika. Tulidhani sinema zote duniani ziko hivyo, kwamba picha inakufikisha darajani na mwenye banda ndiye anayekuvusha.

Kwangu mimi alisimulia kwamba Shemeji alivuka, na alipoweka mguu wa mwisho ng'ambo, kamba zikakatika nyuma yake, daraja likaenda na maji, na yeye hakugeuka kulitazama. Nilikaa na daraja hilo miaka mingi. Nilipoondoka kwa mume wangu wa kwanza, nilitoka na mabegi mawili, nikayahesabu mara mbili pale stendi yakawa bado mawili, nikajiambia: daraja limekatika, usigeuke. Sikugeuka. Nikaanza kuuza mitumba sokoni Tukuyu, na mpaka leo ndiyo kazi yangu.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaelekea kwisha, Mzee wa Video alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yake mengi yakaondoka na upande huo. Binti yake anayemtunza aliniambia baba anakula kidogo, anatazama ukuta, na akisema kitu ni neno moja au mawili, tena ya kusukumwa.

Habari hiyo niliifikisha mezani kwangu sokoni. Upande wa kushoto anakaa mama mmoja wa Lufingo anayeuza ndizi, mjane, mzee kuliko mimi kwa miaka ishirini, ambaye ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani amehifadhi picha ya Shemeji aliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Upande wa kulia kuna fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na mkasi wake. Fundi huyu bado anashona kola ndefu. Ukipeleka shati bila maelekezo, unarudishiwa lenye kola ya Shemeji, na ukilalamika anakuuliza ulitaka kola ya nani.

"Tumpelekee Shemeji," mama wa Lufingo akasema.

"Tumpelekee nani?" nikauliza.

"Tata wa video, mzee wetu. Mgonjwa haletewi machungwa peke yake. Tukae naye, tutazame pamoja, kama zamani."

"Mkanda wenyewe uliliwa na panya," fundi akasema. "Nilihudhuria maziko."

"Siku hizi vitu vyote viko kwenye simu. Huyu mwanangu ana maneno, atautafuta," akasema mama wa Lufingo, akininyooshea kidole.

"Ana maneno, ndiyo," fundi akasema, "lakini atarudi na sinema nusu na kutuambia hiyo ndiyo saizi yake."

Nikaenda kwenye kibanda cha jamaa mmoja karibu na stendi anayejaza sinema kwenye flashi. Nikamweleza: kijana mwembamba, kola ndefu, anaimba kwenye mvua.

"Mama, hizo zipo elfu moja."

"Kuna daraja."

"Zipo mia sita."

"La kamba. Ng'ambo kuna mzee wa masharubu."

Akakuna shingo. "Na mwisho inakuwaje?"

"Anavuka."

"Yenye kuvuka siijui," akasema. "Lakini rudi kesho."

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya tatu akanipa flashi yenye sinema tatu, na ya tatu ilikuwa yenyewe. Alipoifungua tu, ule wimbo wa mwanzo ukatoka, na mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu nikashika ukingo wa meza yake. Aliona machozi, akataka kuongeza bei. Nikamwambia hayo ni mafua.

Siwezi kupeleka kwa watu mzigo ambao sijaufungua. Jumamosi nikaitazama nyumbani peke yangu, mchana, mlango umefungwa. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne pamoja na cha lebo za nguo, lakini kilitosha kunivuruga.

Hapa Tukuyu kuna msemo ambao watu wamezoea kuutumia kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo na hata wakigombania mpaka wa shamba: "Damu haina risiti." Kila mtu anajua aliusema Shemeji, akiwa amesimama kwenye ngazi, ameshika moyo. Nilisubiri ngazi ikafika, akashika moyo. Maandishi yakasema: Niletee maji ya kunywa.

Nikarudisha nyuma. Nikasoma tena. Maji ya kunywa.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni hili. Katika sinema tuliyoijua, Shemeji ni yatima aliyeokotwa mtoni, na yule mzee mwenye masharubu ni mjomba wa binti. Yatima anampenda binti wa nyumba iliyomlea, mjomba anakataa, ugomvi unaanza. Lakini kwa maandishi yale, Shemeji hakuwa yatima. Mzee wa masharubu ni baba yake wa kumzaa. Yule binti ni mke wake kabisa, na mzee ni baba mkwe wa binti. Baba kamfukuza mwanawe, na mkwe anabaki nyumbani.

Nilisimamisha picha nikatembea chumbani. Kwa nini mtu ageuze baba kuwa mjomba? Angekuwa hajui Kihindi ningemwelewa, lakini hata kiziwi angeona wale ni baba na mwana, wana pua moja.

Kisha nikakumbuka siku ya kwanza. Ilikuwa siku ya soko, banda limejaa akina mama wa vijijini. Kuna mahali binti anamsimamia yule mzee uso kwa uso, anamnyooshea kidole na kumwambia maneno. Siku ile ya kwanza Mzee wa Video alisema, "Hapa anamwambia baba mkwe wake," na hakumaliza. Akina mama wa mabenchi ya nyuma waliinuka, wakajifunika khanga vichwani na kutoka nje kwenye mvua, karibu wote. Huku kwetu, kwa wale waliolelewa kwenye mila ya Kinyakyusa, mkwe hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Nyumba moja hawakai, sembuse kunyoosheana kidole mbele ya watu. Walikuwa wanawakimbia wakwe zao wenyewe, na pale kwenye runinga mmoja wao alikuwa amekamatwa katika aibu kubwa, wangekaaje kumtazama?

Nakumbuka Mzee wa Video aliyatazama mabenchi matupu. Nakumbuka kwa sababu niliyahesabu. Wiki iliyofuata baba mkwe alikuwa mjomba, na akina mama walikaa mpaka chenga.

Nilipofika hapo nikaona kazi yote aliyoifanya yule mtu. Mzee akishakuwa mjomba wa binti, mwanawe anakuwa binamu wa binti, na binamu huku haolewi. Kwa hiyo kijana ikabidi aokotwe mtoni. Akishaokotwa, kuna mahali mzee anakumbatia shati la kijana analia, na huyo kijana si wake, sasa analilia nini? Hapo ndipo ilipotoka "Damu haina risiti," ili mtu aweze kumlilia asiyemzaa. Alivuta uzi mmoja na ikabidi ashone shati zima upya, wima, gizani, mvua inapiga bati, kwa kijiti cha mwanzi.

Nikaendelea mpaka darajani. Shemeji akanyanyua mguu. Chenga hazikuja. Dakika ishirini na mbili zikaanza, na nilizitazama mpaka mwisho, na mwisho wenyewe sikuupenda.

Sasa nilikuwa na jina la mtu ndani ya flashi. Nikiionyesha yote, watu watajua kwamba yule waliyemwamini ujana wao wote hakujua Kihindi, au alikijua akawadanganya; na atawatazama wakijua, yeye hana hata mdomo wa kujitetea. Nisipoionyesha, nimewaahidi Shemeji na ninawapa nusu, kama fundi alivyonitabiria. Nimeuza suruali zenye tundu maisha yangu yote na sikuwahi kukosa usingizi. Usiku ule nilikosa.

Asubuhi nikaamua: ningeisimamisha darajani. Kuhusu maandishi ya Kiingereza, niliomba Mungu mvua na macho ya watu vinisaidie. Wengi walishafika umri wa kusoma kwa kunyoosha mkono mbali.

Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika kwa Mzee wa Video. Niliwahesabu: kumi na tisa. Nikahesabu tena: ishirini, nilikuwa nimejisahau. Walitoka Masoko, walitoka Ikuti, mmoja alikuja na fimbo mbili. Mzee wa Video alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mito, amevalishwa shati ambalo fundi alilileta kwa ajili ya siku hiyo. Kola yake mnaijua.

"Ugonile, tata," mama wa Lufingo akamwamkia, akapiga goti kidogo.

Akajibu kwa jicho la kushoto.

Nikachomeka flashi. Wimbo wa mwanzo ukatoka, chumba kikaguna. Na likatokea jambo ambalo sikulitegemea: hakuna aliyesoma maandishi, hakuna hata aliyeisikiliza runinga. Walisema wao wenyewe. Kila Shemeji alipofungua mdomo, watu kumi na tisa walimwekea maneno ya Mzee wa Video, yale yale, kwa mapumziko yale yale, wengine mpaka na kikohozi chake. "Nani kakuuliza ng'ombe?" wakasema akina mama kwa pamoja. Kwenye ngazi chumba kizima kilishika moyo. "Damu haina risiti." Nilimtazama mgonjwa. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Hata binti alipomsimamia mzee wa masharubu na kumnyooshea kidole, mama wa Lufingo alisema kwa utulivu kabisa, "Mwambie mjomba wako, mwambie."

Tukafika darajani. Mvua, masharubu, mguu ukanyanyuliwa. Nikabonyeza rimoti. Shemeji akasimama na mguu mmoja hewani.

"Ndiyo hapo," nikasema. "Imeishia pale pale."

Kisha, bila kupanga, wote wakageuka kumtazama Mzee wa Video. Mazoea. Naye akasafisha koo, au akajaribu, na hakikutoka kitu. Binti yake akainama akamfuta kidevu.

"Nitamsaidia," fundi akasema. "Alivuka, akamsamehe mjomba, wakala pilau."

"Pilau ya wapi?" akauliza mama wa Lufingo. "Alivuka akambeba binti mgongoni. Mjomba akafa kwa aibu."

"Hakuna aliyekufa," akasema mzee wa fimbo mbili, ambaye alichuma chai miaka yote. "Walipigana darajani. Nilikuwepo, ilikuwa siku ya mshahara."

"Daraja lilikatika," nikasema. "Nyuma yake."

Wakanitazama kama nimeingia nyumba isiyo yangu. "Lini lilikatika?"

Ugomvi ukawaka. Nikahesabu miisho: mitano. Nikahesabu tena: saba, kwa sababu wawili walikuwa wamebadilisha. Fundi aliupata wa kwake siku ya Idi. Mama wa Lufingo siku ya soko, akina mama wamejaa. Wachuma chai walipewa ngumi. Na mimi je? Nilijaribu kukumbuka siku ile nani mwingine alikuwa bandani, na nikakumbuka tulikuwa wachache, mvua ilikuwa imevunja daraja la mti kwenye kijito cha njia ya nyumbani kwetu, na nilikuwa nimefika nimelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameniuliza nimepitaje. Nilimwambia nimevuka maji yanapita juu yake, kabla halijakatika.

Niliketi na rimoti mkononi. Maisha yangu niliyaweka juu ya daraja ambalo mtu alilivunja kwa sababu sketi yangu ilikuwa inachuruzika. Sijui ni la kucheka au la kudai.

Hapo mkono wa kushoto wa Mzee wa Video ukanyanyuka. Ukanyoosha kidole kwenye runinga, kwenye ule mguu hewani. "Endelea," akasema. Neno zima, halikuvunjika.

"Imeishia hapo, mzee wangu," nikasema.

Alinitazama kwa jicho moja. Wateja wengi wamenitazama hivyo, wanapogeuza nguo upande wa ndani. "Endelea," akasema tena. "Sijaona."

Tangu Jumamosi nilimfikiria kama mtu aliyetuficha kitu. Haikunijia kwamba mkanda ulikatika kwake pia. Kwamba alisimama mbele yetu kila wiki, mtu asiyejua, akiwajibu watu wanaotaka kujua, na hakuwa na mwenye banda wa kumuuliza. Nilikuwa nikilinda jina lake, kumbe yeye alitaka kujua kama Shemeji alivuka.

Nikabonyeza.

Mguu ule ulirudi chini. Shemeji aligeuka, akaondoka zake kwenye mvua. Binti akamkimbilia, mzee wa masharubu akabaki ng'ambo amefungua mdomo. Kisha wimbo wa dakika kumi na moja, kwenye bustani, na mavazi yanabadilishwa mara sita. Kisha maandishi.

Nikazima runinga.

"Karudi?" akauliza fundi. "Shemeji karudi?"

"Hakuvuka," nikasema.

"Miaka yote hii," akasema mzee wa fimbo mbili, "halafu anarudi."

Mama wa Lufingo alitoa picha ya kalenda kwenye kitabu cha nyimbo, akaitazama, akaitazama runinga iliyozimika, akairudisha picha mahali pake. "Hao waliotengeneza wamekosea," akasema. Kisha akavuta kigoda mpaka karibu na kiti cha mgonjwa, akakaa na kupanga khanga mapajani, kama zamani bandani. "Haya, tata. Tumeona. Sasa tuambie mwisho."

Nilimtazama Mzee wa Video nione kama ameumia. Nusu ya uso wake haikusema kitu, na nusu nyingine sikuielewa. Alikuwa amefikishwa, baada ya miaka yote, na hakuonekana kama mtu aliyefika. Alitazama runinga, akatutazama sisi, benchi kwa benchi, ingawa mabenchi hayakuwepo. Akasafisha koo. Ilichukua muda. Tulisubiri.

"Alivuka," akasema.

Akapumzika.

"Akala. Akalala."

"Ndaga fijo," mama wa Lufingo na wenzake wakamshukuru, wakaanza kutafuta viatu.

Nilichomoa flashi. Maneno matatu. Niliyahesabu tena njiani, yakawa matatu, na mwisho huo katika yote saba haukuwemo.